Kichwa cha Treni cha Muyama

Kaka yangu alikishika kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya ghalani, akasema, "Hiki nacho ni cha kutupa."

Tulikuwa Muyama, kijijini kwetu milimani, nyumbani kwa wazazi wetu, tumetoa vyombo vyote uani ili mafundi wabadilishe bati zilizooza. Vitanda vilikuwa juani, magodoro, vyungu vya mama, picha za harusi zetu zenye vioo vilivyopasuka. Na kwenye sanduku la bati lililokaa uvunguni mwa kitanda cha baba tangu nikiwa mtoto, kaka alikuwa amekuta kichwa cha treni.

Si treni ya kweli, naharakisha kusema, maana watu wakisikia habari hii kwa mara ya kwanza hunitazama vibaya. Ni kichwa cha treni cha mfano, cha bati na chuma, kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, chenye rangi ya kijani iliyobabuka. Kina bomba la moshi. Kina magurudumu makubwa yaliyounganishwa kwa vyuma vyembamba, na ubavuni kina tundu la mraba la kutia ufunguo, kama saa za mezani za zamani. Ukikitia ufunguo, springi iliyo ndani hujikaza, na ukikiweka kwenye reli zake za bati kinatembea chenyewe. Ndivyo baba alivyotuambia. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiona kikitembea.

"Wanunua chuma chakavu wanapita Jumamosi," kaka akaendelea. "Wape, angalau kitoke ndani."

"Hakuna anayepewa," nikamwambia. Nikakichukua mkononi mwake pamoja na reli zake, nikavifunga kwenye kitenge. Kaka akacheka. Akauliza mwanamke wa umri wangu, mwenye wajukuu, anataka kidude cha kuchezea cha nini. Nikamjibu kwamba nitakitengeneza na kitatembea. Nilisema kwa sauti ya juu makusudi, ili baba aliyekuwa amekaa kitini kando ya ukuta asikie. Baba hakugeuza shingo.

Nina hasira za karibu, nakubali, lakini hasira hii haikuwa ya siku hiyo. Nilikuwa nimeilea tangu utoto, na ni lazima nieleze ilikotoka.

Baba alipokuwa kijana alishuka Kigoma akapata kazi kwenye karakana ya reli. Kazi yake ilikuwa kutia mafuta. Hakuendesha treni wala hakuwahi kujidai kwamba aliendesha. Alitembea na kopo lenye mdomo mrefu, akatia mafuta kila mahali chuma kinapokutana na chuma, na aliipenda kazi ile kuliko watu wengi wanavyopenda kazi zao kubwa. Mkubwa wa karakana, mgeni aliyekuwa anarudi kwao moja kwa moja, ndiye aliyempa kile kichwa cha treni kama zawadi ya kuagana. Alimwambia kwamba hakuna injini iliyopita mikononi mwake ikaharibika kwa kukosa mafuta. Baba akarudi nacho Muyama kama mtu aliyevishwa nishani.

Wenzake waliokwenda kutafuta kazi walirudi na baiskeli, na redio, na bati za nyumba. Yeye alikuwa na vyake vichache pia, lakini watu walitaka kujua habari za kile kidude, na yeye hakujua kunyamaza. Akawaambia kinatembea chenyewe, bila kusukumwa, bila betri. Watu wa kwetu hawajawahi kuwa na reli. Wengi wakati huo treni waliisikia tu. Wakamwambia basi tuone. Akasema njooni kwangu siku ya pili ya Krismasi.

Asubuhi ile naikumbuka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba na baridi ilikuwa kali, kama Disemba ya Muyama ilivyo. Wageni walikuja, wakashikana mikono na kusalimiana kwa zile salamu zetu ndefu, wakakaa kuzunguka chungu cha pombe ya ndizi kila mtu na mrija wake. Baba akapanga reli juu ya meza. Akatia ufunguo, akakaza, akakiweka kichwa cha treni, akaondoa mkono. Hakikusogea. Akakigusa kidogo, kikaburuzika kama jiwe. Akakitoa, akakitikisa, akakirudisha. Jirani yetu, yule ambaye shamba lake limepakana na letu, ndiye aliyeanza. "Treni imelala!" akasema. "Iacheni ilale, imetoka mbali!"

Walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupata hewa. Tangu siku hiyo, mtu yeyote Muyama akiahidi jambo lisiloaminika, watu humwambia kwamba hiyo ni treni, na kila mtu anajua ni treni ya nani. Shuleni niliitwa mtoto wa mwongo. Nilipigana. Nilipigwa mara nyingi kuliko nilivyopiga, lakini nilipigana.

Na mama naye alikuwemo. Mama yangu ni mtu wa Kibondo, ameolewa huku, na ulimi wake haujawahi kupata kutu. Wakigombana na baba kwa jambo lolote, mbegu au ada ya shule au mlango ulioachwa wazi, silaha yake ya mwisho ilikuwa ileile. "Nenda kapande treni yako!" Baba alikuwa ananyamaza hapohapo. Alichukua jembe akaenda shamba, hata kama jua lilikuwa limeshazama nusu.

Sasa macho ya baba yanazibika kwa mtoto wa jicho, na yule jirani anatembelea fimbo. Nilitaka jambo moja tu. Nilitaka kile kichwa cha treni kitembee mbele ya watu walewale waliocheka, wakiwa hai na baba akiwa hai, ili asizikwe na jina la mwongo. Hilo ndilo lililokuwa ndani ya kitenge changu nilipopanda bodaboda kurudi Kasulu.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda karibu na soko la Kasulu, na pamoja na kushona huwa natengeneza vyerehani vya watu, kwa hiyo gia na skrubu si vitu vya kunitisha. Kilichonitisha ni ile springi. Springi iliyokazwa ikikuchomokea inaweza kuondoka na kidole. Ndiyo maana nilianza kwa kukipeleka Kibondo, kwa fundi saa ambaye wajomba zangu wa upande wa mama walinisifia. Fundi yule alikigeuza mara moja, akajaribu kuzungusha magurudumu, akanirudishia.

"Springi imekufa," akasema. "Kipige rangi mama, ukiweke kabatini. Kitapendeza sana."

Nilimwambia sina kabati. Ukweli ni kwamba kabati ninalo. Lakini nilikuwa nimeshachoka na watu wanaokitazama kitu kwa nje na kukiandikia cheti cha kifo, na safari nzima ya kurudi Kasulu nilikuwa nabishana na yule fundi kichwani, namjibu majibu mazuri ambayo hayakunijia pale kwake.

Kesho yake nikakiweka juu ya meza ya cherehani, peupe, sokoni, kila mtu aone. Ningeweza kufanya kazi ile nyumbani. Sikutaka. Jirani yangu wa biashara, muuza vitambaa ambaye ukoo wake ulitoka Pwani na ambaye hawezi kupitisha asubuhi bila kunitania, alikuja na kikombe chake cha kahawa akasimama mlangoni.

"Dada yangu, leo unaishonea treni suruali?"

"Suruali na koti," nikamjibu. "Wewe leta kitambaa."

Mpaka saa sita mchana jina lilikuwa limeshaenea na nikawa Mama Treni. Wanawake wa kanisani kwetu wakapita kunishauri kwa upole kwamba mambo ya watoto tuwaachie watoto. Vijana wa bodaboda wakaniuliza nauli ya kwenda Dodoma ni kiasi gani, maana siku hizi wanaiona treni ya umeme kwenye simu zao na wanajua kila kitu. Nikatia pamba masikioni. Kwa nini kila kitu anachokishika mwanamke mzima lazima kipikwe, au kiuzwe, au kivaliwe? Kaka yangu anatazama mpira saa nzima na nusu kila wiki na hakuna anayemuuliza mpira umemzalia nini.

Bati la juu lilikuwa limeshikiliwa na vilimi vidogo vilivyopindwa chini. Vilimi vya namna hiyo ukivikunja kwa pupa vinakatika, na vikikatika hakuna duka la kununulia vingine. Nikavinyanyua kimoja kimoja kwa bisibisi ya cherehani. Bati likatoka. Ndani nikaona mashine yenyewe: springi iliyojiviringisha, gia za shaba, ekseli za magurudumu. Niliona kwa shida, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimezikwa ndani ya utomvu mweusi unaoelekea wekundu, mgumu kama gundi ya seremala. Nikaukwaruza kwa sindano, ukatoka kama unga.

Nilifikiri ni kutu, kisha nikafikiri ni rangi. Nikakisogeza karibu na pasi yangu ya mkaa, bila wazo lolote, ili nipate nafasi mezani ya kumalizia sketi ya mteja. Baada ya muda pua yangu ikanishtua. Ilikuwa harufu ya jikoni kwa mama, imechacha, imezeeka, lakini ni yenyewe. Utomvu ulikuwa umelainika na kuanza kutiririka, na kitambaa cheupe nilichotandika chini kilikuwa na doa la rangi ya machungwa ambalo kila mwanamke wa mkoa huu amewahi kulifua. Ni mawese.

Nikakaa chini. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa habari za mawese kwenye baridi. Yanapanda kutoka kule chini ziwani yakiwa maji, yakifika kwetu juu asubuhi yanaganda kwenye chupa, na kila nyumba huweka chupa kando ya moto kabla ya kupika. Mtu wa kwetu hahitaji pia kuelezwa kwamba kitu cha heshima hupakwa mafuta. Mpini wa jembe jipya hupakwa, kigoda cha mgeni, mtoto anayepelekwa kuonyeshwa kwa bibi yake. Kitu kikavu mbele ya wageni ni aibu ya mwenye nyumba. Mtu alikuwa amekiandaa kichwa cha treni kwa ajili ya wageni, akakipaka mpaka ndani, akakifuta nje king'ae, na asubuhi ile ya ukungu mawese yakaganda kwenye gia zote.

Nilijua pia ni nani. Baba alijua mafuta kama mimi ninavyojua uzi, asingetia mawese kwenye gia hata kwa fimbo. Na katika nyumba yetu chupa ya mawese iliguswa na mtu mmoja tu, mama, yuleyule aliyekuwa akimwambia baba akapande treni yake.

Nikaanza kuyatoa. Mafuta ya taa kwenye sahani, mswaki wa zamani, sindano za ukubwa wote, vipande vya khanga iliyochakaa. Nilikuwa nasafisha kati ya mteja na mteja, na kila nilipopitisha mswaki mafuta ya taa yaligeuka rangi ya kutu. Nilikuwa na hasira hata sijui na nani. Siku moja alasiri nilikuwa nimeinama nachokoa gia ya mwisho, ile ndogo kabisa iliyo karibu na magurudumu, sindano ikapenya, na kitu kikatoa mlio mkali. Gia zote zikazunguka kwa pamoja na magurudumu yakapiga kelele hewani. Nilipiga yowe, nikarusha sindano, kichwa cha treni kikatimka mezani kikagonga mkasi, kikaendelea kuzungusha miguu yake kikiwa kimelala ubavu.

Muuza vitambaa alikuja mbio. "Subhanallah," akasema. "Umekitia ufunguo?"

Sikuwa na ufunguo. Sikuuona tena tangu asubuhi ile ya wageni. Ndipo nikaelewa, na nikalia palepale mbele yake, mtu mzima mimi. Ile ilikuwa nguvu ya mkono wa baba. Alikuwa ameikaza springi asubuhi ile mbele ya wageni, kama alivyosema, na mawese yakaganda, kisha yakakauka kama gundi, yakaishika miaka yote hii isifunguke. Yule mzee hakudanganya kitu. Alifanya kila kilichotakiwa kufanywa, na ushahidi ulikuwa uvunguni mwa kitanda chake muda wote. Muuza vitambaa hakunitania. Alisimama mpaka magurudumu yakasimama, akaniletea maji ya kunywa.

Nikatia mafuta ya cherehani, nikarudisha bati, nikakunja vilimi. Rangi sikuigusa, ingawa kila aliyepita alinishauri niipige upya. Kipande kimoja cha reli kilikuwa kimepotea na duara halikukamilika, basi fundi bati wa mtaa wa pili akanipindia kingine. Kisha nikaenda Muyama siku ambayo najua mama yuko kwenye sala za jumuiya, kwa sababu nilitaka kuongea na baba peke yake.

Nilimkuta uani. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Umekuja na nini?"

Nikakiweka mapajani kwake. Akapapasa bomba la moshi, kisha gurudumu, akalisukuma kwa kidole gumba. Likazunguka. Akalisukuma tena.

"Umetumia mafuta gani?"

"Ya cherehani."

"Kwa gia yanafaa," akasema. "Kwa ekseli ni mepesi mno. Utaongeza ya gari kidogo."

"Baba, ndani kulikuwa na mawese."

"Najua."

Nilidhani hakunisikia vizuri. Nikamuuliza amejua tangu lini.

"Tangu jioni ile. Wageni walipoondoka nilikinusa."

"Na ukanyamaza? Watu wamekuita mwongo mpaka mvi, na wewe unajua?"

"Mama yako bado alihesabiwa mgeni hapa, ingawa alikuwa ameshawazaa ninyi," akasema. "Mtu wa Kibondo. Shangazi zako walikuwa wanatafuta sababu. Leo ugali wake, kesho salamu zake. Ningesema ameharibu kitu changu nikaaibika mbele ya watu, wangemfungia mzigo wake asubuhi yake. Mimi sikuwa tayari arudi kwao."

"Basi ungekisafisha kimyakimya, kikatembea."

"Kingetembea, watu wangeuliza siku ile kilikuwa na nini. Ningejibu nini? Mimi sijui kudanganya."

Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa ya adabu, kama alikuwa anasikia raha mama akimwambia akapande treni yake. Akatabasamu. Akasema mama hakuwa anajua, na mtu asiyejua humwekei kinyongo. Nikamuuliza na mimi je, niliyepigwa shuleni kwa ajili yake. Akasema, "Wewe ulikuwa unajua kupigana."

Nilimkasirikia sana siku ile. Nilimpenda na nilimkasirikia, vyote viwili vilinijaa kifuani na hakuna kilichompisha mwenzake. Nikamwambia bati mpya zimeshapigwa, ni desturi kuwaalika majirani waliosaidia kubeba vyombo, na siku hiyo kitatembea mezani, apende asipende. Akakataa. Nikamwambia nimeitwa Mama Treni Kasulu nzima, jina hilo nimeligharimia, sitarudi nalo bure. Mwishoni akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti lake, lile analovaa kanisani na shambani, akatoa ufunguo mdogo wa mraba, umelainika kwa kushikwashikwa.

"Kwa sharti," akasema. "Habari ya mawese isitoke mdomoni mwako. Mama yako asiisikie."

Niliahidi, lakini shingo upande.

Siku yenyewe watu walijaa kuliko tulivyoalika, maana neno lilikuwa limeshafika kwamba treni inaamshwa. "Mwakeye, mwakeye," salamu zikaenda na kurudi, mikono ikashikana hadi viwikoni. Bati mpya zilikuwa zinamulika mpaka huwezi kuzitazama. Kaka alikuja, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Yule jirani akaletewa kiti mbele kwa sababu ya umri wake, akaweka fimbo katikati ya magoti. Mama alikuwa anazunguka na birika la chai, anamhimiza kila mtu ale mandazi, na alipoiona meza yenye reli akatikisa kichwa kama mtu anayemwonea mumewe huruma mapema.

Nikamshika baba mkono nikamwongoza mezani. Nilitaka atie ufunguo mwenyewe. Alikaza polepole, sikio lake karibu na bati, akaacha pale alipoona inatosha. Akakiweka relini kwa kupapasa. Akaondoa mkono.

Kikaenda. Kilianza kwa kusitasita kidogo, vyuma vya pembeni vikapanda na kushuka, kikashika kona, kikarudi, kikapita mbele ya baba kikaenda tena. Kulikuwa kimya kiasi cha kusikia gia. Kisha wanawake wakapiga vigelegele, vijana wakatoa simu, na kaka yangu, ambaye sikumtazama ila nilimwona, alikuwa amesimama juu ya benchi ili aone vizuri. Mimi nilikuwa namtazama jirani. Nilikuwa nimeingojea sura ile tangu nikiwa mtoto na sikukusudia kuipoteza.

"Ndugu yangu," akasema jirani. "Kumbe kinatembea."

"Ego," baba akaitikia, ndiyo ya kwetu. "Kinatembea."

"Sasa siku ile kilikuwa na nini?"

Baba hakusita hata kidogo. "Nilikosea mafuta," akasema. "Nilikitia mawese, na asubuhi ilikuwa ya baridi."

Jirani akamtazama, kisha mdomo wake ukaanza kufunguka. "Wewe? Mtu wa reli? Mawese!" Akapiga fimbo chini. "Hata mtoto anajua mawese huganda! Jamani, huyu alikuwa analipwa kutia mafuta!" Na kicheko kikaanza, kilekile, nilikijua, kikapita kutoka kwake hadi benchi la nyuma. Baba alisimama katikati yake, ameshika ukingo wa meza, hana wasiwasi wowote. Mimi nilikuwa nimeuma midomo mpaka inauma. Ahadi ni ahadi, lakini nilikuwa naihesabu kama mzigo.

Birika likawekwa chini kwa kishindo.

"Mwongo," mama akasema.

Watu wakazidi kucheka. Walidhani ni yale yale, mama na baba na treni yao. Lakini mama alikuwa anasogea mezani, na waliokuwa karibu naye waliona uso wake wakanyamaza kwanza.

"Mwongo mkubwa. Wewe hukugusa mawese. Nilipaka mimi. Mlikuwa mmelala, nikaona kitu cha watu kukitazama kimekauka, nikakipaka ndani na nje, nikakifuta." Akamgeukia jirani. "Shemeji, cheka. Mimi ndiye niliyetoka Kibondo nikaja kupaka treni mawese. Mbona umefunga mdomo? Nicheke mimi, nipo hapa."

Jirani aliangalia fimbo yake.

"Kaa chini, mama," baba akasema kwa sauti ndogo. "Yamekwisha."

"Sikai. Yamekwisha wapi?" Sasa alikuwa amemgeukia baba. "Nimekutukana ndani ya nyumba yako, mbele ya watoto wako, na wewe unajua. Unanitazama tu. Nani alikutuma unifiche? Ungeniambia, ningekuomba radhi nikiwa bado kijana, yakaisha, tukaishi. Sasa hizo radhi zote nitazimaliza lini?"

Baba akageuza uso kuelekea sauti yake. Kichwa cha treni kilikuwa bado kinazunguka kati yao, kikapunguza mwendo, kikasimama, na hakuna aliyenyoosha mkono kukitia ufunguo. Mama alibaki amesimama, mikono kiunoni, akimsubiri ajibu, na nyumba nzima ikamsubiri pamoja naye.